Kocha asimnyime mwanamieleka maji

Mhariri,

Habari za mieleka ya vyuo nchini Marekani hujaa ubingwa na medali. Naomba nafasi nizungumzie uhai wa vijana wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1997, wanamieleka watatu wa vyuo walifariki ndani ya wiki tano hivi wakipunguza uzito kwa haraka. Walifanya mazoezi wakiwa wamevaa suti za raba, jasho likiwachuruzika, ili tu mizani iwakubali katika daraja la uzito walilotaka kushindania. Baadaye NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilipiga marufuku suti hizo na sauna, ikaanza kupima mkojo kujua kama mchezaji ana maji ya kutosha mwilini.

Kanuni hizo ni njema, lakini hazimfikii kocha anayegeuza mazoezi kuwa adhabu. Agosti 2020, mwanamieleka wa miaka 20 katika chuo kimoja cha Kentucky alikufa kwa joto baada ya kukimbizwa kilimani. Familia yake ilidai mahakamani kwamba aliomba maji akanyimwa. Mwaka 2023 chuo kilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 14. Maji, Mhariri! Kijana aombe maji hadi lini?

Napendekeza kila mazoezi yawe na mtabibu wa michezo asiye chini ya kocha, mwenye mamlaka ya kuyasimamisha papo hapo, na beseni la maji ya barafu la kumpoza aliyezidiwa na joto liwe karibu. Kocha atakayethibitika kumnyima mchezaji maji afungiwe kufundisha chuo chochote.

Mzazi wa mwanamieleka,
Columbus, Ohio