Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi na JKT: "kapata JKT" si kujitolea

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Uyole, Mbeya. Mwaka 1989 nilikuwa kuruta wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kambi ya Mafinga, kwa mujibu wa sheria, yaani kwa lazima, mwaka mzima. Hakuna aliyeniuliza kama napenda. Baridi ya Mafinga unaijua mwenyewe; mchakamchaka wa alfajiri ulikuwa afadhali kuliko kusimama. Lakini kwenye foleni ya ugali alikuwepo mtoto wa mkurugenzi, nami mtoto wa mkulima wa viazi, na maharage yalikuwa yaleyale. Tulilalamika sana, ila sikumbuki mtu aliyelalamika kwamba ameonewa peke yake.

Wala sisemi zamani kulikuwa shwari. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mpaka Ikulu kupinga sheria hiyo, hasa makato ya mishahara, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Unaweza kuuona ni ukali, lakini aliyewabebesha vijana mzigo aliinama naye akabeba.

Mwaka 1994 huo mujibu wa lazima ukasitishwa, 2013 ukarudi, safari hii kwa wahitimu wa kidato cha sita na kwa miezi mitatu hivi. Binti yangu alipangiwa Mlale, Songea. Tukahangaika na bukta ya bluu isiyo na zipu, raba, shuka, na nauli ya kwenda na kurudi, mwezi uleule wa kuvuna mahindi. Akaenda, akarudi kakomaa, na cheti mkononi. Kwa huyo sina neno.

Neno langu ni kwa kaka yake. Yeye aliishia kidato cha nne, na mujibu haumhusu. Akaomba kujitolea kupitia wilayani, akachaguliwa, akamaliza miaka yake miwili. Leo anaendesha bodaboda hapa stendi.

Sikiliza watu wa huku wanavyosema, Mheshimiwa. Hakuna anayesema "fulani kajitolea". Wanasema "fulani kapata JKT", kama wanavyosema kapata kazi. Jirani wanakuja kutoa pongezi, mama anachinja kuku. Mtu hapongezwi hivyo kwa kujitolea.

Na vijana hawajakosea. Tangazo la kujitolea husema wazi kwamba JKT haitoi ajira wala haimtafutii kijana ajira akimaliza mkataba. Nalisifu kwa ukweli huo. Lakini likitoka tangazo la kuandikishwa jeshini, yaani Jeshi la Wananchi (JWTZ), linamtaka mwombaji awe amepitia JKT na kutunukiwa cheti. Sasa mlango hauna ahadi, ila bila kupita hapo mlango mwingine hufunguliwi. Kijana wa kidato cha nne afanye nini? Anaitwa mwenye hiari, wakati njia ni moja.

Tazama na uzani wake. Dada mtu, aliyeitwa kwa sheria, cheti alikipata kwa miezi mitatu. Kaka mtu, anayeitwa wa hiari, alikitolea miaka miwili ya ujana wake. Nimeligeuza jambo hili kila upande huku nikipanga viazi kwenye magunia na bado silielewi.

Wapo wanaosema dawa ni kulazimisha wote. Sikubali, ingawa mimi mwenyewe nilinufaika na lazima ile. Kambi zinazotosha vijana wote wa nchi hii hatuna, na lazima inayoangukia wachache ndiyo mbaya kuliko zote.

Ninachoomba ni hiki. Kama cheti cha JKT ni sharti la kuingia jeshini, wa kujitolea nao wapewe njia ya kukipata kwa mafunzo ya miezi kama wenzao wa mujibu, na miaka miwili ibaki kwa anayeitaka kweli, awe anajua analima shamba la nani na kwa posho gani. Na anayemaliza miaka hiyo bila kuandikishwa aondoke na cheti cha fundi kinachotambulika kwa mwajiri yeyote, kiwe cha uashi, cha uselemala au cha kilimo.

Kama hilo haliwezekani, basi kwenye tangazo lijalo futeni neno "kujitolea". Andikeni "kusubiri". Vijana wataomba vilevile, lakini mama atajua kuku anamchinjia nini.

Wako mtiifu,
Kuruta wa zamani, mzazi wa wawili waliopita JKT,
Uyole, Mbeya