Ndoo ya mama yako

Mwanangu,

Asalaam alekum. Huku sote wazima, nyanya yako magoti yamtesa kidogo lakini mdomo haujambo.

Ujumbe wako nimeusoma. Ati kemistri ya kaboni imekushinda, ati ni majina marefu ya kukariri tu. Nimecheka wallahi, mtoto wa Matondoni, kijiji cha majahazi, umekulia kwenye deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa wa kupaka majahazi, leo hii ikushinde?

Juzi tumepandisha jahazi pwani. Kazi waijua, shahamu ya ng'ombe yayeyushwa, yatiwa chokaa, mwaponda mpaka iwe kama uji mzito mweupe, halafu mwapaka kwa mkono chini kote mpaka maji yanapofika, na juu ya hapo ni sifa, yale mafuta ya papa uliyokuwa ukiyakimbia kwa harufu. Sasa tazama ile shahamu. Ndani yake mna asidi inayoitwa steariki, kaboni 18 zimepangana kama shanga. Kila kaboni ina mikono minne, zile za katikati miwili imeshika jirani wa huku na huku, miwili iliyobaki imeshika haidrojeni, na ile ya mwisho mkiani imeshika haidrojeni tatu, ndo maana mkia wote huo maji hauyataki kabisa. Kichwani tu ndo kuna oksijeni, na hicho kichwa maji chayapenda. Ukiipika shahamu na kostiki soda wapata sabuni ya kawaida. Ukiitia chokaa je? Kalsiamu moja inashika vichwa viwili kwa mpigo, hapo tena hakiyeyuki kitu, maji ya bahari yapige yatakavyo.

Na kitu hicho hicho, mwanangu, ndo ule utando mweupe kwenye ndoo ya mama yako akifua kwa maji ya kisima. Sabuni haitoi povu, yakatika vipande, na yeye alaumu muuza duka! Kumbe kisima chetu kimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, kalsiamu imejaa humo. Kwenye ndoo ni hasara, kwenye jahazi ni kazi ya wazee.

Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa, kaboni dayoksaidi inatoka inaenda zake. Lakini mwalimu atakwambia kaboni ya mawe na ya hewa hiyo haihesabiwi kwenye oganiki, yaani hiyo kemistri ya kaboni iliyokushinda. Ni mazoea yao tu, usibishane naye, andika anavyotaka. Zamani waliamini vitu vya oganiki lazima vitoke kwenye kiumbe hai, mpaka 1828 Mjerumani Friedrich Wöhler akapasha moto amoniamu sayaneti akapata urea, ile iliyomo kwenye mkojo, na hakuna figo lililohusika. Leo wakulima wainunua kwa gunia.

Chokaa lakini usiichezee. Mimi nikiwa kijana nilichukua ambayo haijazimwa vizuri kwa maji, mkono una jasho, ikapata moto papo hapo ikaniunguza, hii alama ya kiganjani uliyokuwa ukiniuliza ndo hiyo.

Nimempa mjomba wako halua na pesa kidogo akuletee. Ukinijibu nichoree huo mnyororo wa 18 na kichwa chake, nataka kuona. Jahazi larudi majini bamvua hii, maji yakijaa sana, inshallah. Mama yako hasemi nami tangu juzi, deheni nilikorogea kwenye ndoo yake ya kufulia na haitoki hata kwa sabuni.

Babako