Kwa mpwa wangu anayetaka kuacha baiolojia anunue kamera

Mpwa wangu,

Juzi kule kwa mama yako Umoja hatukumaliza ile stori yako ya kuacha baiolojia uchukue mkopo ununue kamera, chai ikapoa, wewe ukanuna, mimi nikapanda matatu nikarudi nyumbani na roho nzito. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu najua mko wengi Nairobi hii mnaoona masomo ya sayansi yanawachelewesha, na kinachotakikana ni kamera tu.

Ulinitajia yule mpiga picha Mohamed Amin, eti picha alizopiga Korem kule Ethiopia 1984 ziliamsha dunia nzima bila kitabu. Kweli ziliamsha. Lakini huyo huyo mzaliwa wa Nairobi alikuwa anatoa vitabu kupitia kampuni yake ya Camerapix, tena vingi. Mimi pia kamera haikunitosha, ikabidi niandike kitabu, na sababu yenyewe sijawahi kukuambia.

Unakumbuka ile filamu yangu ya chanjo ya malaria, ile mliyoangalia wote sebuleni mkanipigia makofi? Chanjo ilianza kutolewa Homa Bay Septemba 2019, nikaenda huko nikahoji madaktari na wamama kliniki. Daktari mmoja alinieleza polepole kabisa kwamba kwenye majaribio, watoto waliopata dozi zote nne walikingwa na visa kama vinne kati ya kumi vya malaria kwa miaka minne, kwa hivyo neti haitoki kitandani. Tulipofika kuhariri, aliyenipa kazi akasema hapo panachosha, toa. Nikatoa. Ikabaki sauti yangu ikisema chanjo inazuia malaria, basi.

Miaka miwili baadaye nikarudi. Mama mmoja niliyekuwa nimempiga picha alinitambua hata kabla sijashuka kwenye boda. Alikuwa na kile kijitabu cha kliniki cha mtoto, amekifunga kwenye leso, akakifungua pale kwa chanjo: dozi tatu zimejazwa, ya nne, ambayo wakati huo ilikuwa ya mtoto akifikisha miezi 24, iko wazi. Akaniambia, "Si wewe ulisema haitampata?" Mtoto alikuwa amelazwa mara mbili, na neti waliacha kuitumia wakijua kazi imeisha. Hakunigombeza, mpwa wangu. Aliuliza tu kama mtu anayetaka kuelewa na hiyo iliniuma zaidi.

Tulikaa chini ya mwembe karibu saa nzima. Kwa nini dozi ya nne iko mbali hivyo? Kwa nini inakinga wengine na wengine hapana? Sikuwa na majibu. Ilibidi nirudi Nairobi nianze kusoma usiku, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, hadi nikaelewa kwamba chanjo hii inafundisha mwili kunasa vimelea vya malaria vikishaingizwa na mbu, kabla havijajificha kwenye ini, lakini vichache vikipenya vinazaana huko kwa maelfu, na kinga nayo inapungua kadiri miezi inavyoenda, ndio maana ya dozi ya nne. Sura ya kwanza ya kitabu changu ni maswali ya yule mama, kwa mpangilio ule ule aliouliza. Filamu ilinipa uso wake na vile alivyokunja ile leso, lakini jibu lake lilihitaji kurasa.

Hayo niliyoyatafuta usiku kwa shida wewe unafundishwa mchana, na umebakisha mwaka mmoja. Kamera inakodishwa tao kwa siku, mkopo wa nini?

Njoo Jumamosi kwangu. Yale maneno ya daktari niliyoyatoa bado ninayo kwenye hard disk, dakika kumi na moja, sikuwahi kuyafuta. Nataka kuirudia hiyo filamu, safari hii namba ibaki ndani, na skripti nataka uiandike wewe. Beba noti zako za vimelea.

Anko wako