Malalamiko kuhusu utafutaji wa hitilafu kwenye kebo yetu ya kilovolti 11 na ripoti ya volteji za mpito

Idara ya Matengenezo ya Umeme,
Kiwanda cha Vyombo vya Plastiki,
Eneo la Viwandani,
Nairobi.

16 Juni 2025

Kwa Meneja Mkuu,
Nairobi.

Bwana Meneja,

MINT: KAZI YA TAREHE 5 HADI 7 APRILI NA RIPOTI YA TAREHE 19 MEI

Ninaandika kwa niaba ya kiwanda kulalamikia kazi mbili ambazo kampuni yenu ilitufanyia na ambazo tumezilipia zote: ya kwanza ni kutafuta hitilafu iliyotukatia umeme usiku wa tarehe 4 Aprili kwenye kebo yetu ya chini ya ardhi, na ya pili ni ripoti ya volteji za mpito, yaani volteji zinazopanda ghafla kwa muda mfupi sana, mliyotukabidhi tarehe 19 Mei. Nimezisoma kumbukumbu za kazi zote mbili mara kadhaa, na nimeona kwamba kosa lake ni moja. Hamkujishughulisha kujua wimbi la umeme linachukua muda gani kusafiri ndani ya kebo hii. Mlichukua tarakimu ya kwingine mkaipachika hapa.

Kebo yenyewe ina urefu wa mita 640, kutoka chumba cha mita kilicho kando ya lango hadi transfoma ya ukumbi wa pili. Mita 410 za kwanza ni kebo ya zamani, ya karatasi iliyolowekwa mafuta ndani ya ganda la risasi, na mita 230 zilizobaki ni za plastiki aina ya XLPE, zilizounganishwa nayo kiwanda kilipopanuliwa. Haya yote yamo kwenye mchoro niliompa kiongozi wa mafundi wenu asubuhi ya tarehe 5, naye akatia sahihi kwamba ameupokea.

Sina neno kuhusu hatua zao za mwanzo. Walitenga kebo ipasavyo, wakapima kihami, yaani tabaka linalozuia umeme kuvuja, na kugundua kwamba hitilafu iko kwenye fezi ya njano na ina ukinzani mkubwa, kiasi kwamba mpigo mdogo wa umeme unaotumwa ndani ya kebo peke yake ungeipita bila kuiona. Kwa hiyo walileta mashine ya mishindo, ile ambayo mafundi huiita thampa, ili iwashe cheche mahali palipoharibika, na cheche ikiwa bado inawaka mpigo utumwe na mwangwi wake usomwe. Mbinu hiyo ndiyo inayostahili. Mwangwi ulirudi baada ya mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 5.26, na kipimo hicho pia hakina kasoro.

Kasoro ilianza pale fundi alipoweka mwendo wa mpigo kuwa mita 172 kwa mikrosekunde kwa kebo nzima, kana kwamba yote ni XLPE. Ukizidisha muda ule kwa 172 na kugawa kwa mbili, kwa kuwa mpigo umekwenda na kurudi, unapata mita 452, na hapo ndipo mlipochimba. Lakini njia yote ambayo mpigo huo ulipita ilikuwa kebo ya karatasi, ambamo huenda polepole zaidi. Baada ya kiungo cha sehemu hizo mbili za kebo kufunuliwa tulipima kila upande peke yake, tukapata takriban mita 156 kwa mikrosekunde upande wa karatasi na takriban 170 upande wa XLPE. Rudia hesabu ile ile kwa 156 nawe utapata mita 410, yaani kwenye kiungo chenyewe, mahali ambapo hata mwanagenzi angeanza kupashuku.

Hata kama mchoro ungepotea njiani, skrini yenu ilikuwa imewaonya. Katika picha mliyoiambatisha kwenye hati ya malipo, mwisho wa kebo unaonekana kwenye mita 685. Kebo ya mita 640 inapojitokeza kuwa ya mita 685, ama mtu ameongeza mita 45 usiku ama mwendo uliowekwa kwenye mashine si wake. Nilipomwonyesha fundi wenu jambo hili alijibu kwamba mchoro ndio uliokosea. Tulichukua gurudumu la kupimia tukapita naye juu ya njia ya kebo, tukapata mita 638, pungufu kidogo kwa sababu kebo hupanda kwenye ncha zake mbili. Hakubadilisha kitu.

Yakafuata mashimo matatu, kwenye mita 452, kisha 447, kisha 460. Huu ni udongo mweusi wa mfinyanzi, nanyi mnaujua, na ulikuwa mwezi wa mvua; shimo la kwanza lilijaa maji kabla ya la pili kuisha, na la tatu lilikata bomba la maji la jikoni la wafanyakazi. Kifaa cha kusikiliza ardhini, ambacho hulinganisha ishara ya sumaku inayofika papo hapo na sauti ya mshindo inayochelewa, ili mahali penye tofauti ndogo kabisa pachimbwe, kilibaki ndani ya gari siku mbili za kwanza. Niliambiwa malori yana kelele. Ni kweli yana kelele, ndiyo maana nilipendekeza kazi ifanywe baada ya saa nne usiku, nikajibiwa kwamba muda wa kazi umekwisha. Siku ya tatu mzee mmoja wa idara yetu, aliyekuwepo kiungo hicho kilipofungwa, alikwenda kusimama juu yake thampa ikipiga, akasema anausikia mshindo kwenye nyayo. Tulichimba hapo kwa mikono yetu wenyewe na kukuta kiungo kimeungua. Hati yenu ya malipo inasema hitilafu "ilipatikana na timu". Naomba ieleze ni timu ya nani.

Jambo linaloniudhi kuliko mashimo ni namna thampa ilivyotumiwa. Kwa mujibu wa kumbukumbu yenu, kebo hii ya zamani ilipigwa kwa kilovolti 32 kwa karibu saa mbili mfululizo, huku mkichimba mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mnafahamu kwamba wimbi likifika kwenye ncha iliyo wazi hurudi nyuma kwa alama ile ile (chanya au hasi), na volteji pale kwenye ncha huweza kufikia maradufu. Kila mara cheche ilipokataa kuwaka, ncha iliyo kwenye transfoma huenda ilipokea hadi kilovolti 64. Tarehe 27 Aprili, wiki tatu baadaye, ncha hiyo hiyo ilipasuka. Siwezi kuapa kwamba thampa ndiyo iliyoiua, na kebo mpya pengine ingevumilia, lakini kuipiga kebo kuukuu kwa muda wote huo bila kwanza kuhakiki umbali ni uzembe ambao hatupaswi kuulipia.

Sasa nije kwenye ripoti. Tuliwaomba mchunguze kama sakiti breka mpya ya vakiumu, yaani swichi inayokata umeme ndani ya chemba isiyo na hewa, iliyochukua nafasi ya ile ya mafuta, inazalisha volteji za mpito zinazoweza kuumiza kebo na transfoma inapofungua na kufunga. Mmejibu kwamba hakuna hatari na kwamba hatuhitaji kufunga arresta, vifaa vya kuzuia volteji isipande kupita kiasi. Katika jedwali la pili mnaeleza kwamba mfano wa kompyuta ulipiga hesabu kwa hatua za mikrosekunde 50.

Wimbi huvuka kebo yetu kutoka ncha hadi ncha kwa takriban mikrosekunde 4. Kwa hatua ya 50, linaweza kwenda na kurudi mara sita kabla kompyuta haijafumbua macho kulitazama tena. Tangu mhandisi Hermann Dommel alipochapisha njia yake ya kukokotoa volteji za mpito mwaka 1969, inajulikana kwamba hatua ya hesabu lazima iwe fupi kuliko muda wa wimbi kuvuka laini iliyo fupi kuliko zote katika mfano. Tena hatua ya mikrosekunde 50 haiwezi kuonyesha kitu chochote kinachotikisika zaidi ya kilohezi 10, ilhali kebo hii, ncha yake moja ikiwa wazi, huanza kutikisika yenyewe kwenye kilohezi 63 hivi. Ni sawa na mtu aliyekwenda Ziwa Victoria kuvua omena kwa wavu wa mbuta, akarudi akatangaza kwamba ziwa halina omena. Vilevile kebo yote imewekwa kwenye mfano kama XLPE mfululizo, bila kiungo, ingawa wakati mnaiandika ripoti hiyo kiungo kilichoungua kilikuwa juu ya meza yangu na mhandisi wenu alikuwa amekipiga picha.

Kwa hiyo tunadai mturudishie malipo yote ya kutafuta hitilafu, pamoja na gharama ya bomba la maji, ya kufukia mashimo mawili yaliyobaki wazi, na nusu ya gharama ya ncha mpya ya kebo. Tunadai pia ripoti ifanywe upya bila malipo, kwa hatua isiyozidi mikrosekunde 0.1, sehemu mbili za kebo zikiwekwa kila moja na mwendo wake, na breka ikiwekwa na tabia yake ya kukata mkondo kabla haujafika sifuri na ya cheche kuwaka tena ndani yake. Mtupatie pia mafaili ya vipimo vya tarehe 5 na 6 Aprili kama yalivyotoka kwenye mashine, si picha zake.

Tunasubiri jibu la maandishi katika muda wa siku 14. Lisipofika, tutawasilisha nakala ya barua hii na viambatisho vyake kwa Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, na kwa kuwa ripoti ina muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa, nakala nyingine itakwenda kwa Bodi ya Wahandisi. Kwa sasa nimeamuru breka ile isiguswe ila kwa dharura, na ukumbi wa pili unaendeshwa kwa jenereta.

Wako mwaminifu,

Mhandisi wa Matengenezo ya Umeme