Mdogo wangu, kabla hujaenda dukani

Mdogo wangu,

Juzi uliniuliza kwenye simu uanze kununua nini, nikakujibu mbio mbio kwa sababu uji ulikuwa unataka kumwagika jikoni. Leo watoto wamelala wote wawili, nikae nikujibu vizuri. Nakuandikia hadharani kwa kuwa najua hauko peke yako mwenye mimba ya miezi 7 na orodha ndefu ya vitu vya dukani.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote mwaka huu ni unga wa ulezi mtupu. Kwa mtoto wa kwanza nilihangaika na ule unga wa lishe wa kuchanganya kila kitu: mahindi, mchele, ngano, soya, karanga, mtama. Niliamini vikiwa vingi ndiyo lishe yenyewe. Mtoto akawa analia tumbo, na unga ukianza wiki ya tatu unanuka mafuta yaliyochacha. Muuguzi wa kliniki ndiye aliyenifungua macho: karanga zikisagwa pamoja na nafaka, unga haukai. Tena karanga na mahindi visivyokaushwa vizuri ndiko sumukuvu, ile sumu ya ukungu, inakopenda kukaa. Unakumbuka mwaka 2016, watu walivyokufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo? Mimi siwezi kusahau.

Sasa nanunua ulezi kilo 2 tu. Naupepeta, kisha naosha maji hata mara 5, maana mchanga wa ulezi unajificha chini kabisa ya beseni, ukikosea mtoto atautafuna. Nauloweka usiku kucha, naanika hadi ukauke kau, ndipo naupeleka mashineni. Karanga nazichambua moja moja, nazikaanga na kuzitwanga mwenyewe, nakoroga kijiko kwenye uji unapokaribia kuiva. Huyu mdogo akiona kikombe chake anapiga makofi.

Lakini hayo ni baada ya miezi 6. Kabla ya hapo ni ziwa lako tu, hata maji asipewe. Mama akikuambia mtoto ana kiu, mwitikie kwa adabu, kisha mnyonyeshe.

Kingine kilichonipa raha ni treni ya umeme. Tangu ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, kwenda Morogoro kwa bibi yao si adhabu tena. Unakumbuka basi: foleni ya Kibaha, joto, mtoto anatapika kwenye mfuko na wewe huna pa kugeukia. Sasa ni chini ya saa 2, choo kipo, mtoto akichoka kukaa mnatembea kidogo kwenye behewa. Yule mkubwa alibandika pua kwenye kioo tangu Pugu hadi Ngerengere, anaita kila ng'ombe anayemwona. Ukija Dar likizo twende wote.

Sasa linaloniuma. Gari la shule linapiga honi mlangoni saa 11 na nusu alfajiri. Shule yenyewe haiko mbali, ila gari lazima lizunguke mitaa yote kukusanya watoto. Namwamsha yule mkubwa saa 11 kasorobo. Namvalisha soksi akiwa bado amelala, kisigino cha soksi kinakuja juu ya mguu, naivua naanza upya. Anakunywa chai macho yamefumba, kikombe nimekishika mimi. Anarudi jioni na kurasa 4 za kazi ya nyumbani, na hata nikimlaza saa 3 usiku, usingizi wake haufiki muda wa saa 8. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anashauriwa kulala muda wa saa 9 hadi 12 kwa siku. Huyu ni darasa la pili, mdogo wangu! Nilimfuata mwalimu, akanijibu kwa upole kwamba wazazi wengi ndio wanaotaka kazi iwe nyingi. Nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu kweli. Nitarudi tena, safari hii na wazazi wenzangu watatu.

Pipi za wageni nazo zinanichosha. Mtu anamfungulia mtoto pipi kabla hajaniuliza mimi mama yake. Mwambie shemeji awe mkali hapo mapema, wewe wataona unaringa.

Nirudi kwenye swali lako. Mbeleko za dukani zenye vifungo achana nazo kwanza. Na kanga mpya usinunue, ile ina wanga, inateleza mgongoni na mtoto mchanga hatulii. Nimekutengea doti zangu mbili nilizowabebea hawa wote. Zimefuliwa hadi zimekuwa laini kama pamba, rangi imepauka ila hazijachanika popote. Mama akija Mwanza mwezi ujao atakuletea, pamoja na kilo moja ya ulezi uliokwisha kuoshwa. Huo unywe wewe.

Dada yako.