Wenye app za mpira, tuachieni tuchague wenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nilisemee hili la kuangalia mpira kwenye simu. Wenye app wanaamini tunachotaka ni HD tu, yaani picha kali, sio kweli. Picha ikiwa na ukungu kidogo mechi utaiangalia tu mpaka mwisho, ila kile kiduara kikianza kuzunguka straika kashaingia kwenye boksi, hapo ndo watu wanaifuta app. Sauti ikikatakata ndo mbaya zaidi, maana picha mbovu na mtangazaji anasikika vizuri bado mechi unaielewa.

Video inakatwa vipande vya sekunde chache chache, kila kipande kina viwango kadhaa vya ubora, simu inapima mtandao halafu inachagua ivute kipi, sasa mtandao ukishuka ghafla wakati inavuta kile kizito na haina akiba ya kutosha, lazima igande. Na mpira ni mgumu kuliko tamthilia kwa sababu kamera inakimbia muda wote na nyasi zimejaa kioo kizima, ndo maana 480p (ubora wa chini ya HD) inayotosha kabisa kwenye taarifa ya habari, kwenye mpira namba za mgongoni huzisomi. Sawa, lakini kwenye simu ya inchi 6 nani analia na namba, mradi mpira unauona na matokeo pale juu yanasomeka!

Halafu kuna bando. Kwa maelezo ya Netflix wenyewe, SD (picha ya ubora wa kawaida) inakula mpaka GB 1 kwa saa na HD mpaka GB 3. Dakika 90 za HD kwa mtu anayenunua bando la siku ni nyingi mno jamani.

Machi 2020 kipindi cha corona, Umoja wa Ulaya uliomba kampuni zipunguze mzigo kwenye intaneti, YouTube wakaweka SD ndo iwe ya kuanzia na anayetaka HD apandishe mwenyewe. Hicho ndo tunachotaka huku. App ninayolipia mimi nikiweka 360p, tangazo likipita tu inarudi auto yenyewe (inajichagulia ubora), bando linaisha kabla ya mapumziko.

Tuwekeeni kitufe cha ubora kinachokaa pale ulipokiweka, na kingine cha kuchelewesha mechi hata nusu dakika ili simu ivute akiba ya kutosha. Najua kibanda umiza cha jirani watashangilia goli kabla yangu, mimi niko radhi, asiyetaka asikiguse.

Mtazamaji wa simu,
Mbagala, Dar es Salaam