Majina mawili ya mwandishi yaanzie kwenye mkataba

Mhariri,

Watunzi wetu wanaoandika hadithi za watoto na papo hapo riwaya za mapenzi hushutumiwa kwamba kutumia majina mawili ni kumlaghai msomaji. Sikubaliani. Jina la jaladani humwahidi mnunuzi aina ya kitabu. Mwalimu anayechagua vitabu vya ziada vya darasa la nne hana muda wa kusoma kila ukurasa, hivyo hutazama jina. Akilikuta jina hilohilo juu ya riwaya ya watu wazima, atakirudisha rafuni hata kile cha watoto.

Ila si kila utanzu unadai jina lake. Riwaya za upelelezi na za ujasusi zina wasomaji walewale, na kila jina jipya huanza bila msomaji hata mmoja. Tenganisha pale tu ambapo msomaji wa kitabu kimoja ataudhika akifungua kingine.

Kisha amua: lakabu, yaani jina la kubuni la mwandishi, iwe ya wazi au ya siri? Iain Banks wa Uskoti alichagua ya wazi. Riwaya zake za kawaida zilitoka kwa jina hilo, na kuanzia 1987 bunilizi za kisayansi zikatoka kwa jina la Iain M. Banks. Herufi moja ilitosha, na aliyetaka kusoma zote alizipata bila taabu. Agatha Christie, mtunzi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, alichagua siri. Riwaya zake sita zisizo za upelelezi zilitoka kati ya 1930 na 1956 kwa jina la Mary Westmacott, na siri yenyewe ikafichuka 1949. Kwa mwandishi wa kwetu napendelea njia ya Banks, maana siri huvujia kwenye makaratasi na midomo ya watu. Stephen King, mtunzi Mmarekani wa riwaya za kutisha, alijulikana mwaka 1985 kuwa ndiye aliyeandika kwa jina la Richard Bachman baada ya muuza vitabu wa Washington kupekua kumbukumbu za hakimiliki. J. K. Rowling, mwandishi wa Harry Potter, aliyejiita Robert Galbraith kwenye riwaya za upelelezi, alifichuliwa mwaka 2013, miezi michache tu baada ya riwaya ya kwanza kutoka, kwa kuwa wakili alimdokezea rafiki wa mkewe.

Hata hivyo, wengi huumizwa na mkataba kuliko kufichuliwa. Saini kwa jina la kitambulisho chako, kisha kiwepo kifungu kinachotaja jina litakalochapwa jaladani na, kama ni siri, nani wanaruhusiwa kuijua. Mkataba wenye lakabu peke yake hukwamisha mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, kwa sababu jina la akaunti ya benki halilingani na la mkataba. Warithi nao hubaki bila ushahidi. Soma pia kifungu kinachompa mchapishaji haki ya kuona kwanza "kitabu kijacho". Kisipowekewa mpaka wa jina na utanzu, mchapishaji wa hadithi zako za watoto anaweza kudai hata riwaya yako ya mapenzi.

Upande wa hakimiliki, Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ambayo Kenya na Tanzania ni wanachama wake, unalinda kazi ya mwandishi katika uhai wake na walau miaka 50 baada ya kifo. Lakabu isiyojulikana ni ya nani hupewa miaka 50 tu tangu kazi itolewe. Aliyechapisha akiwa na miaka 30 na kufariki akiwa na 80 atawaachia wanawe kitabu kisicho na ulinzi tena. Akijitambulisha kabla muda huo haujaisha, hesabu hurudi kwenye uhai wake na ile miaka 50.

Wanaojichapishia Amazon wasifungue akaunti ya pili, kwani sheria yao ni akaunti moja kwa mtu mmoja, ingawa ndani yake majina ya vitabu yanaweza kutofautiana. Kabla ya kutuma mswada, fungua sifa za faili ufute jina lako halisi, maana kompyuta huliandika yenyewe. Na jina moja lisiandike uhakiki wa kulisifu lingine: huo ndio ulaghai hasa, na ni haki msomaji akikasirika.

Ombi langu kwa wachapishaji wa Dar es Salaam na Nairobi ni dogo: fomu zenu za mikataba ziwe na nafasi mbili, moja ya jina la kisheria na nyingine ya jina la jaladani.

Mhariri wa miswada,
Dar es Salaam